KULINDA KINGO ZA MTO: KAZI YENYEWE NA USALAMA WETU
(Maneno ya kamati ya tawi, yaliyosomwa mbele ya wanachama)



Kamati imeombwa iseme juu ya kazi za kuzuia kingo za mto zisiliwe na maji, kwa kuwa wengi wetu huitwa kwenye kazi hizo kila mara mafuriko yakiisha. Tutasema mambo mawili: jinsi kazi yenyewe ilivyo, na masharti ambayo twataka tuyapeleke kwa waajiri tukiwa na sauti moja. Tumeyaweka pamoja kwa makusudi. Mtu asiyejua kwa nini ukingo huanguka hawezi kumwambia nyapara ni siku gani hafai kushuka chini yake. Na mwenye kuijua sababu hana haja ya kupiga kelele.

Tuchukue Mto Nzoia, ambao wengi hapa wameufanyia kazi au wamezaliwa karibu nao. Mto huu waanza katika milima ya Cherangani na miteremko ya Mlima Elgon, hukusanya maji ya nchi yenye ukubwa wa kama kilomita mraba 12,900, hupita Webuye na Mumias, na kuingia Ziwa Victoria huko Bunyala. Huko juu nchi ina mteremko, maji hukimbia na kubeba udongo mwekundu wa mashamba. Yakifika uwanda wa Budalang'i nchi ni bapa, maji hupunguza mwendo, na udongo ule hutua. Kwa hiyo sakafu ya mto hupanda pole pole, na mto hutafuta njia nyingine. Matuta ya kuzuia mafuriko yalijengwa pande zote mbili katika miaka ya 1970 na 1980, kilomita kumi na kadhaa kila upande. Hata hivyo mto uliyapasua mwaka 2003, ukayapasua mwaka 2007, tena 2008, tena 2011. Mwezi wa Mei 2020 vijiji vikafunikwa tena, na mwezi ule ule ziwa lenyewe lilipanda hata kupita kidogo kimo cha mwaka 1964, kimo kilichofuata zile mvua kubwa zilizoanza 1961 ambazo wazee huziita mvua za Uhuru. Ziwa likijaa, mto hauna mahali pa kumwaga. Maji husimama kati ya matuta siku nyingi, na udongo wa tuta hulowa mpaka ndani.

Watu wengi hudhani tuta huvunjika kwa sababu maji yamepita juu yake tu. Mara nyingine ni hivyo. Lakini mara nyingi shida ilianza zamani, chini, mahali pasipoonekana. Panya wamechimba, mchwa wamejenga, ng'ombe wamekata njia ya kwenda kunywa maji, mti mkubwa ulikufa na mizizi yake ikaoza ikaacha mashimo kama mabomba. Au mto wenyewe umekula ukingo wake, mwaka hata mwaka, mpaka umefika mguuni pa tuta. Tuta lililo jema halina faida ikiwa ardhi linalosimama juu yake inachukuliwa na maji.

Basi mto hulaje ukingo? Hapa twaomba subira, maana jambo hili ndilo msingi wa yote. Mtu akikoroga chai yenye majani ndani ya kikombe, angetazamia majani yatupwe pembeni. Hayaendi pembeni. Chai ikizunguka, majani hukusanyika katikati, chini kabisa. Sababu ni kwamba maji ya juu huenda mbio zaidi na kusukumwa nje, hugonga ukuta wa kikombe, hushuka, kisha hurudi ndani yakipita chini, yakikokota majani. Injinia mmoja, James Thomson, alieleza jambo hili kwa habari ya mito mwaka 1876, na mwaka 1926 Albert Einstein akalieleza tena kwa mfano huu huu wa majani ya chai. Mto ukikunja kona hufanya kama kikombe kile. Maji ya juu hugonga ukingo wa nje, hupiga mbizi, huchimba mguu wa ukingo, kisha huchukua mchanga ule na kuutupa upande wa ndani wa kona. Ndiyo maana kila kona ina upande mmoja wenye kina na gema lililosimama wima, na upande wa pili una mchanga mzuri ambapo watoto hucheza.

Kwa hiyo adui yuko chini ya maji. Tumeona kazi ambazo mawe mazuri yamepangwa juu, meupe, ya kupendeza kupigwa picha siku ya kufungua, na mguu umeachwa udongo mtupu. Kazi ya namna hiyo haidumu. Maji huchimba chini yake, na mawe yote huteremka mtoni kwa pamoja. Mtu akituuliza fedha ziende wapi kwanza, tutasema ziende mguuni. Zikibaki, ndipo zipande juu.

Jambo la pili, na hili tungependa kila kibarua alishike sana. Mto ukiwa umejaa, maji yenyewe huusukuma ukingo na kuushikilia, kama mtu aliyeegemea mlango. Wakati huo huo udongo wa ukingo hunywa maji na kuwa mzito. Mafuriko yakiisha, mto hushuka upesi, lakini maji yaliyo ndani ya udongo hayatoki upesi, hasa ikiwa ni udongo wa mfinyanzi. Sasa ukingo ni mzito, umelegea, na kile kilichokuwa kikiushikilia kimeondoka. Hapo ndipo huanguka. Ukingo mwingi hauanguki siku ya mafuriko. Huanguka siku maji yanaposhuka na siku zinazofuata, jua likiwaka na watu wakisema hatari imekwisha.

Na siku hizo ndizo vibarua huitwa. Ofisi imeona hasara, mkubwa anataka kuona watu wakichimba, lori la mawe limekwisha fika. Nyapara asema, shukeni. Mita moja ya mchemraba ya udongo uliolowa hukaribia tani mbili. Kipande cha ukingo chenye urefu wa futi kumi hakitoi onyo refu: utaona ufa juu, sambamba na mto, labda hatua mbili kutoka ukingoni, na punje za udongo zikidondoka. Mtu aliyefunikwa mpaka kifuani tu hawezi kupumua, maana kifua hakina nafasi ya kupanuka. Tunao wenzetu waliofukuliwa kwa majembe, na si wote waliofukuliwa wakiwa hai. Kazi hizo na wenyewe hatutawataja hapa; jambo tunalolisema halihusu kontrakta mmoja.

Tuje kwenye mawe. Mainjinia wana kanuni ambayo mtu wa kawaida huiona kama uongo mpaka aione kwa macho. Mwendo wa maji ukizidi mara mbili, uzito wa jiwe ambalo maji yaweza kulisukuma hauzidi mara mbili, wala mara nne, bali mara 64. Kwa hiyo jiwe lililokaa salama miezi yote ya kiangazi laweza kuondoka katika usiku mmoja wa mafuriko. Ndiyo sababu ya kutaka mawe makubwa, yenye pembe, yanayoshikana. Mawe ya mviringo ya mtoni hubingirika. Lakini mawe makubwa hayapatikani kila mahali, na katika uwanda wa Budalang'i hakuna mwamba karibu. Kila jiwe huja kwa lori. Hapo ndipo gabioni hufaa, yaani sanduku la waya linalojazwa mawe madogo ili yafanye kazi ya jiwe moja kubwa.

Jambo hili si geni. Zamani askari wa Ulaya walijaza udongo katika vikapu vya fito na kujificha nyuma yake. Sanduku la waya lilitumiwa huko Italia mwaka 1894, katika kutengeneza kingo za mto Reno karibu na mji wa Bologna, baada ya mafuriko kuziharibu. Tangu hapo limeenea duniani kote, kwa sababu halihitaji mashine kubwa. Lahitaji mikono, na mikono hiyo ni yetu.

Sanduku la kawaida lina urefu wa mita 2, upana mita 1 na kimo mita 1. Mawe yakipangwa vizuri huacha nafasi kati yake kama theluthi moja, hivyo sanduku lililojaa huwa na uzito wa tani tatu na nusu hivi. Ukibeba kilo 25 kwa karai, sanduku moja ni karai 140. Twasema hesabu hii kwa ajili ya wale wakaao ofisini wakiuliza kwa nini watu wanne hawakumaliza masanduku kumi kwa siku.

Tena kujaza si kumwaga. Jiwe liwe kubwa kuliko tundu la waya. Kwa waya wa tundu la sentimita 8 kwa 10, jiwe la sentimita 10 mpaka 20 lafaa. Mawe ya upande wa nje hupangwa kwa mkono, moja moja, uso bapa ukitazama mto, kama fundi anavyopanga ukuta usio na saruji. Hujazwa kwa tabaka tatu, na kila tabaka likiisha hufungwa waya wa kuvuta kutoka uso wa mbele mpaka wa nyuma, ili sanduku lisivimbe tumbo. Mwisho hujazwa kupita ukingo wa sanduku kama inchi moja au mbili, kwa maana mawe hukaa chini baadaye. Kisha mfuniko huvutwa na kushonwa, na kila sanduku hushonwa na jirani yake. Sanduku lisiloshonwa na jirani yake litaondoka peke yake, na likiondoka limefungua mlango.

Na nyuma ya mawe kuwe na chujio. Hili husahauliwa kuliko yote kwa sababu halionekani kazi ikiisha. Maji yaliyo ndani ya ukingo lazima yatoke, la sivyo yatasukuma ukuta; lakini yakitoka yasichukue udongo. Kwa hiyo huwekwa mchanga na kokoto kwa vipimo, au kitambaa maalum cha chujio. Pasipo chujio, udongo hupita katikati ya mawe kidogo kidogo, shimo hufanyika nyuma, na siku moja ukuta uliokuwa mzima hulala chali. Twajua kazi ambapo kitambaa kiliandikwa katika karatasi za hesabu na hakikufika mtoni. Kibarua aliyeshona masanduku alijua. Injinia aliyepita baadaye hakuweza kujua, maana mawe yalikuwa yamekwisha funika.

Mguuni huongezwa mkeka wa waya uliojaa mawe, unene wa sentimita 30 hivi, ukitandazwa kuelekea katikati ya mto. Kazi yake ni kungoja. Mto ukichimba mbele ya ukuta, mkeka hupinda na kushuka wenyewe katika shimo na kulifunika. Urefu wake huwekwa mara moja na nusu au mara mbili ya kina kinachotazamiwa kuchimbwa. Mkeka wa saruji haungeweza, ungevunjika. Hii ndiyo sababu hatushangilii sana kuta za saruji mtoni, ingawa mafundi wa saruji wamo pia katika chama na watatukasirikia.

Sasa mwaona kwa nini tunapinga kulipwa kwa kila sanduku lijazwalo. Mwajiri asema mpango huo hufanya watu wawe na bidii. Ni kweli watu huharakisha. Mtu mwenye watoto, akilipwa kwa sanduku, atamwaga mawe kwa karai, ataweka changarawe katikati pasipoonekana, ataruka waya wa kuvuta, na sanduku litaonekana limejaa. Hatumlaumu, ujira ndio uliomfundisha. Mwaka wa pili sanduku limevimba, mwaka wa tatu limepasuka, na nyumba zinazoingia maji nyuma ya tuta ni za mama yake na shangazi yake. Kontrakta hakai Bunyala. Kuchukua mawe kutoka lori hadi mtoni kwaweza kulipwa kwa kipimo, hatuna neno. Lakini kupanga uso wa mawe na kushona waya kulipwe kwa siku, na fundi mmoja aliyezoea awekwe juu ya kila kundi, akilipwa kama fundi.

Majani tutayasema kwa ufupi, si kwa kuyadharau. Mahali ambapo maji hayapigi kwa nguvu, mimea hulinda kuliko mawe na kwa gharama ndogo: matete, mianzi, nyasi za vetiva ambazo mizizi yake yaweza kushuka mita tatu ardhini. Juu ya tuta lenyewe nyasi fupi zatosha. Mikaratusi isipandwe hapo. Kanuni za maji za Kenya hutaka ukanda wa mita 6 hadi 30 kando ya mto uachwe bila kulimwa. Kila mtu aijua sheria hiyo, na kila mtu ana jirani aliyepanda mahindi mpaka majini. Wenzetu wachota mchanga nao twawaambia pasipo kuficha: mchanga ukichotwa mguuni pa ukingo au karibu na nguzo za daraja, mto huchimba zaidi, na hakuna gabioni itakayosimama. Wachote upande wa ndani wa kona, ambako mto wenyewe huuleta.

Turudi kwa usalama, maana hapo ndipo twataka mkutano ukubaliane.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na mwajiri asimlazimishe kurudi mahali pale mpaka hatari imeondolewa. Basi ufa ulio juu ya ukingo ni hatari ya namna hiyo. Twapendekeza kwamba kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajashuka, watu wawili, mmoja wa mwajiri na mmoja wetu, watembee juu ya ukingo wakitafuta nyufa, na waandike katika daftari. Baada ya mto kushuka, isichimbwe chini mpaka injinia mwenyewe, si nyapara, ameukagua ukingo na kutia sahihi. Gema likatwe kwanza kwa mteremko kutoka juu. Mguu uchimbwe vipande vifupi vifupi, kimoja kijazwe mawe kabla ya kufungua kingine. Mguu ukifunguliwa mrefu wote kwa siku moja, ukingo wote umekosa pa kusimama. Udongo unaotolewa na malori ya mawe vikae mbali na ukingo, maana uzito huo juu ndio huangusha.

Awepo mlinzi wa maji. Bunyala jua laweza kuwaka siku nzima na huko Cherangani mvua ilinyesha juzi. Maji yale yako njiani. Katika daraja la Rwambwa kuna kipimo cha maji. Mwajiri aweke mtu wa kupokea habari za mto kutoka juu, mwenye simu na filimbi, na asipewe kazi nyingine. Kamba na maboya yawe tayari. Viatu vya mpira na glavu si zawadi: waya hukata vidole, na maji yaliyosimama huko yana kichocho. Viboko na mamba hawahitaji maelezo.

Siku za kungoja ukingo ukauke zilipwe. Tunajua hapa ndipo ubishi utakapokuwa. Mwajiri atasema kibarua hulipwa kwa siku afanyayo kazi. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi mmoja, au aliyeshikwa kwa kazi isiyoweza kumalizika kwa miezi mitatu, hahesabiwi tena kama kibarua wa siku. Kazi nyingi za kingo hupita muda huo. Kwa hiyo kila mtu aandike siku zake mwenyewe katika daftari lake, tarehe na kazi aliyofanya, asitegemee karatasi ya nyapara. Ikiwa siku za kungoja hazilipwi, watu watashuka chini ya ukingo wenye ufa kwa hiari yao, kwa njaa, na daftari la usalama litakuwa karatasi tu. Kamati haitakubali masharti ya usalama yaliyotengwa na malipo haya. Heri tuvunje mazungumzo.

Na mtu akiumia, mwajiri aarifiwe mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi, mbele ya shahidi. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 humtaka mwajiri awe na bima, na ulemavu kamili wa kudumu hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96. Kibarua naye yumo katika sheria hiyo. Tumeona wajane walioambiwa kwamba marehemu hakuwa na barua ya ajira, basi hawana haki. Wakaenda nyumbani kimya. Wasiende nyumbani. Waje kwa karani wa tawi.

Kura ya masharti haya itapigwa kwa kunyoosha mikono baada ya maswali. Wale wanaotazamia kuitwa kwenye kazi za mto mvua ikikatika waandikishe majina kwa karani kabla ya kuondoka leo, wakitaja kama wamewahi kushona gabioni, kwa kuwa tutahitaji watu wa kuwafundisha wengine. Asiyejua kuandika amtajie karani jina lake. Plaisi kumi na mbili na roli mbili za waya wa kushonea zimenunuliwa kwa fedha za tawi. Mafunzo yatafanywa nyuma ya ofisi, Jumamosi mbili zijazo, kuanzia saa tatu asubuhi.